Barua Nyepesi kwa Mama Mdogo

Tarishi wa Idara ya Barabara alifika kazini saa mbili kasorobo, akatundika kofia yake kwenye msumari, akaosha kikombe chake, kisha akaenda kuchukua barua kwenye trei iliyokuwa juu ya meza ya katibu muhtasi. Alishika bahasha ya juu kwa vidole viwili, kama alivyofanya kila asubuhi tangu aajiriwe. Bahasha haikuinuka. Akaweka kikombe chini, akaishika kwa mikono miwili na kupanua miguu. Bahasha ilisogea kidogo, ikaacha mkwaruzo kwenye mbao.

"Dada Katibu," alisema, "humu umetia barua au umetia tofali?"

Katibu alijibu kwamba ametia barua, ukurasa mmoja, na kwamba ameikunja kama kawaida. Tarishi alikubali. Alikuwa mtu mwenye nguvu. Ofisini walimwita Chuma, kwa sababu aliwahi kupandisha kabati la majalada ngazini peke yake huku akipiga mluzi. Alimwita mlinzi wa getini, wakaziburuta bahasha zote juu ya gunia hadi chini, wakazipakia kwenye mkokoteni wa bustani. Ekseli ilikatika kabla ya kufika getini. Barua zikarudishwa ndani moja moja, na kwa kuwa sakafu ya juu ilikuwa imeanza kulia, zikawekwa chini, karibu na choo cha wageni.

Barua zenyewe hazikuwa na ajabu. Zilikuwa ilani kwa wenye nyumba wa mtaa ulio nyuma ya stesheni, kuwajulisha kwamba barabara inapanuliwa, kwamba nyumba zao zimeangukia ndani ya upana mpya, na kwamba hakuna kiwanja kingine watakachopewa. Upande wa pili wa barabara ile hapakuwa na nyumba. Palikuwa na ghala la mkandarasi, nalo halikuangukia ndani ya upana wowote. Sheria ilitaka kila ilani itiwe mkononi mwa mwenye nyumba. Tangu siku hiyo alipewa mwezi mmoja kuondoka. Isipotiwa mkononi, hakuna nyumba inayoguswa.

Katibu alikuwa mwanamke mwenye utaratibu. Hakupenda jambo libaki bila sababu kwenye meza yake. Alifungua barua moja, akaitandaza, akachukua mkasi na kukata sehemu ya chini, pale palipoandikwa "Wako mtiifu" na kutiwa saini ya Mkurugenzi. Karatasi iliyobaki ilipeperuka kwa upepo wa feni na kuangukia dirishani. Kipande kilichokatwa kilibaki mezani kama bawaba ya lango. Alijaribu kukisukuma kwa rula, na rula ikapinda.

Alikwenda kumweleza Mkurugenzi, ambaye alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama mashine ya kuchapa iko salama. Fundi wa kompyuta alikuwa ameikagua, ilikuwa salama. Basi Mkurugenzi akaitisha kikao.

Waliohudhuria walikuwa Mkurugenzi, Mwanasheria, Mhasibu, Katibu na Chuma, aliyeitwa kwa ajili ya kuinua. Mwanasheria alifungua Mwongozo wa Barua wa idara na kusoma kwa sauti kwamba barua isiyo na mwisho wa heshima ni rasimu, na rasimu haimtoi mtu nyumbani kwake. Mwisho wa heshima, kwa mujibu wa Mwongozo, ni maneno yanayoonyesha mwandishi amesimama wapi mbele ya mwandikiwa. Kwa hiyo haikutosha kuandika cheo. Ilibidi kuchagua maneno.

Walianza na "Wako mwaminifu". Ilikuwa sawasawa na "Wako mtiifu"; Chuma hakuona tofauti. "Wako katika huduma" aliifikisha magotini, akairudisha, akaomba ruhusa ya kukaa. Mhasibu akapendekeza "Kwa heshima na taadhima", maneno ambayo marehemu baba yake aliyapenda sana, na mguu mmoja wa meza ya mikutano ukavunjika. Wakahamia sakafuni. Mkurugenzi alifikiri kwamba urefu ndio tatizo, akaagiza liandikwe neno "Wako" peke yake. Neno hilo lilikuwa fupi, lakini lilikuwa zito kama betri ya lori. "Nakutakia kila la heri" ilipenya kiti cha Mhasibu na kutokea upande wa pili. Kwa bahati Mhasibu alikuwa amekwenda kunywa maji.

Fundi wa kompyuta alishauri kwamba siku hizi watu wengi wana simu, na kwamba sheria haikukataza ilani kufika kwa barua pepe. Wakajaribu, wakimaliza kwa "Salamu njema". Barua pepe haikutoka. Waya unaopita juu ya uwanja, kutoka jengo hadi nguzo ya barabarani, ulilegea katikati kama kamba iliyoanikwa blanketi bichi, ukabaki hivyo. Mlinzi alilazimika kuinama akipita.

Mchana huohuo Katibu aliandika barua nyingine, ya kawaida, ya Mkurugenzi kwenda kwa mkandarasi. Aliimalizia kwa "Wako mtiifu", kwa mazoea. Barua hiyo haikuwa na uzito wowote. Ilielea kutoka mezani na ikabidi ibanwe kwa stepla. Katibu aliitazama kwa muda, Mkurugenzi naye akaitazama, kisha akaitia saini.

Kikao kiliporejea, Katibu alisema kwamba pengine tatizo si maneno ya heshima, ila ni kama maneno hayo ni kweli. Aliomba ruhusa kujaribu. Akaandika, chini ya ilani ya kwanza, "Mimi, nitakayebomoa nyumba yako". Chuma aliinua karatasi hiyo kwa kidole kimoja, akaigeuza huku na huku.

"Hii naifikisha hata kwa miguu, bosi," alisema. "Hata kukinyesha."

Mkurugenzi aliisoma mara mbili. Alikuwa mtu mpole, asiyepaza sauti, aliyekumbuka majina ya watoto wa wafanyakazi wake.

"Hatuwezi kumwandikia mtu hivi," alisema. "Sisi ni watu wa heshima."

Mwanasheria alikubaliana naye. Karatasi ikachanwa.

Hakuna aliyeuliza Katibu anaishi wapi au ndugu zake wanaishi wapi. Katika ilani zile kulikuwa na moja iliyokwenda kwa mama yake mdogo, fundi cherehani, aliyemlea tangu mama yake mzazi alipofariki. Katibu mwenyewe ndiye aliyechapa jina. Alilichapa kati ya majina mengine bila kukosea herufi, na akaendelea.

Kila Jumapili alikwenda kwa Mama Mdogo. Cherehani ilikaa dirishani, sare za shule zikiwa zimerundikwa pembeni, zingine bila mikono, zingine bila kola. Ukutani nje yalikuwa yameegemezwa mabati mapya, kwa maana Mama Mdogo alikuwa anajiandaa kubadilisha paa kabla ya mvua. Jumapili ya kwanza baada ya kikao Katibu alikwenda akiwa amekusudia kusema. Mama Mdogo alimtangulia.

"Kuna maneno hapa mtaani," alisema, akiwa na pini mdomoni, "kwamba mnakuja kutubomolea. Nikawaambia, wacheni uzushi. Mwanangu yuko hukohuko ofisini. Kungekuwa na jambo, angeniambia."

Katibu alisema chai ilikuwa nzuri. Aliosha vikombe, akamsaidia kutundika sare, akaondoka. Jumapili iliyofuata hakusema pia. Njiani alijifariji kwamba barua hazibebeki, na isiyobebeka haifiki, na isiyofika haibomoi. Huo ulikuwa ukweli, na kwa muda ulitosha.

Kisha Mkurugenzi akatangaza kwamba mkandarasi, kwa ukarimu wake, ataiazima idara winchi. Ilani zitapakiwa kwenye lori, winchi litaziinua moja moja na kuzishusha taratibu hadi kwenye viganja vya wenye nyumba. Mwanasheria alithibitisha kwamba sheria inasema mkononi, haisemi kwa nguvu ya nani. Chuma aliuliza mikono itakuwaje. Akaambiwa hilo ni suala la utekelezaji.

Katibu alirudi mezani kwake na kufikiria mikono ya Mama Mdogo. Aliifikiria kidole kwa kidole, na kidole cha shahada kilichokuwa na alama ya sindano iliyowahi kupenya ukucha. Saa ya chakula cha mchana, wenzake walipotoka, alianza kuandika.

Aliandika yale aliyoshindwa kuyasema. Kwamba maneno ya mtaani ni kweli. Kwamba nyumba imo ndani ya upana mpya na itabomolewa. Kwamba asipandishe mabati, ayauze au ayahifadhi. Kwamba akiona winchi asinyooshe mikono, afunge mlango, akae ndani. Kwamba amejua muda wote na hakusema, na hana maelezo. Ilikuwa barua ndefu kuliko barua yoyote aliyowahi kuandika kwa jina lake mwenyewe.

Ilipofika chini alisimama. Kazi yake ya miaka mingi ilikuwa kumaliza barua za watu wengine, na vidole vyake vilikwishaanza kuandika "Wako". Akafuta. Akajaribu "Wasalaam", akaona ni kama anamwandikia jirani. Akafikiri "Nisamehe", lakini hilo si mwisho, hilo ni ombi. Mwishowe aliandika "Mwanao", akaitia saini, na karatasi ikabaki karatasi. Aliipima kwa kiganja. Ilikuwa nyepesi kiasi kwamba alilia kidogo, kisha akapangusa uso, maana wenzake walikuwa wanarudi.

Kosa alilofanya lingeweza kufanywa na katibu muhtasi tu. Hakuwahi maishani kuandika barua isiyo na namba ya kumbukumbu. Aliiandika juu kushoto, pamoja na tarehe, bila kufikiri, kama mtu anavyovua viatu mlangoni. Karatasi aliyotumia ilikuwa na nembo ya idara, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa kwenye mashine. Alipomaliza aligonga mhuri. Akatoa nakala, akaipeleka masjala. Bahasha akaiweka kwenye trei.

Chuma aliikuta alasiri, akafurahi. Siku nyingi zilikuwa zimepita bila barua ya kupeleka mtaa ule, na mtu asiye na kazi ofisini huanza kuonekana. Alikwenda kwa miguu, akabisha, akamkabidhi Mama Mdogo mkononi, akamtaka atie saini ya kupokea. Mama Mdogo alimpa maji ya kunywa.

Mwanasheria aliiona nakala masjala siku mbili baadaye. Aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa, kisha akaipeleka kwa Mkurugenzi, na Katibu akaitwa.

"Ina kumbukumbu," alisema Mwanasheria. "Ina nembo, ina mhuri. Inasema nyumba itabomolewa. Imetiwa mkononi na imetiwa saini. Hii ni ilani."

"Ni barua yangu," alisema Katibu. "Ni ya nyumbani."

"Ya nyumbani ungeiandika kwenye karatasi ya nyumbani, dada."

Katibu alisema kwamba barua haikuwa na saini ya Mkurugenzi. Mwanasheria alimwonyesha kifungu kinachoruhusu ofisa yeyote kutia saini kwa niaba. Akasema kwamba mwisho wake pia haukuwa na kasoro, kwa kuwa "Mwanao" inaonyesha waziwazi mwandishi amesimama wapi mbele ya mwandikiwa. Kwa kweli, alisema, hakuwahi kuona mwisho uliotimiza Mwongozo vizuri kama ule.

Katibu alimgeukia Mkurugenzi, akamwambia kwamba mama huyo ndiye aliyemlea. Aliomba nyumba ile iachwe, au angalau isubiri zingine. Mkurugenzi alionekana kuumia kweli. Alimvutia kiti akae, akammiminia maji kwenye glasi. Alisema kwamba angekuwa na uwezo angefanya hivyo, lakini idara ikianza kuchagua nani afikiwe na nani asifikiwe, huo utakuwa upendeleo. Kisha akampa mkono na kumpongeza kwa kutatua tatizo.

Winchi lilikuja wiki iliyofuata. Lilipopakia ilani tatu za kwanza lilizama kwenye lami mbele ya geti hadi kwenye madirisha, na mkandarasi akaja kulichukua kwa hasira. Hakuna ilani nyingine iliyofika mtaa wa nyuma ya stesheni mwezi ule.

Katibu alikwenda kwa Mama Mdogo siku ya Jumapili, kama kawaida. Cherehani ilikuwa imefunikwa kwa shuka na kufungwa kamba. Mama Mdogo alikuwa anakunja sare na kuziweka kwenye maboksi. Barua ilikuwa juu ya meza, imekunjuliwa, imeshikiliwa na mkasi kwa sababu ya upepo. Katibu akakaa, akakunja naye.

"Za wenzangu hazijafika," alisema Mama Mdogo.

"Hazibebeki, mama."

"Zina nini?"

"Mwisho wake. Bosi anajiita mtiifu wao. Kwa hiyo zinakuwa nzito."

Mama Mdogo alilaza shati, akalainisha kola kwa kiganja, akalikunja katikati. Hakuonekana kushangaa wala kukasirika. Alikuwa anafikiri kama afikirivyo mtu anayetafuta kipande cha kitambaa kitakachotosha.

"Na yangu wewe ukaandika kweli."

"Ndiyo, mama."

"Ungenidanganya kidogo kama wenzako, mwanangu," alisema. "Ningekuwa na paa."

Akampa Katibu shati lingine ashike mikono. Jirani alipita dirishani na kumsalimia Mama Mdogo, akamwuliza kama ni kweli anahama. Mama Mdogo akajibu kwamba ni kweli, amepata barua. Jirani akasema yeye hajapata. Hakusema kwa majivuno. Alisema kama mtu anayetaja kwamba mvua imenyesha upande wa kwao.

Nyumba ilibomolewa asubuhi moja kati ya nyumba mbili zilizobaki zimesimama. Tingatinga lilifanya kazi kwa uangalifu ili lisigonge kuta za majirani, ambao hawakuwa wamearifiwa. Mama Mdogo alihamia chumba cha kupanga upande mwingine wa mji, chenye dirisha linalotazama ukuta. Cherehani iliingia, meza ya kukatia haikuingia.

Idara haikupoteza muda. Mkurugenzi aliwaomba wafanyakazi wote wajitaje kama wana ndugu, jamaa au marafiki nyuma ya stesheni. Mhasibu alikuwa na shemeji. Mlinzi alikuwa na binamu wawili na mke wa zamani. Fundi wa kompyuta aliwahi kufundishwa kusoma na mwalimu mstaafu wa nyumba ya kona. Kwa zile nyumba ambazo hazikuwa na mtu ofisini, idara iliajiri vibarua kutoka mtaa uleule, vijana waliokuwa hawana kazi, na walifurahi sana kuipata. Katibu alipandishwa cheo ili awaelekeze. Aliwafundisha kuweka tarehe, namba ya kumbukumbu na nafasi ya mhuri. Mwisho walichagua wenyewe. Mmoja aliandika "Mjukuu wako". Mwingine, "Tuliocheza wote". Mlinzi, kwa mke wake wa zamani, alikaa na kalamu muda mrefu, akaandika "Bado mimi", na karatasi ilikuwa nyepesi. Akaificha kabla wenzake hawajaiona, lakini waliiona na wakamtania hadi saa ya kutoka. Chuma alipeleka zote kwa safari mbili.

Barua zilipokelewa vizuri. Watu wengi walizisoma hadi mwisho, jambo ambalo Mwanasheria alisema halijawahi kutokea. Tingatinga lilirudi, na safari hii halikuhitaji uangalifu.

Ili kuepuka hasara, masjala ilinunua mizani ndogo, na ikawa utaratibu kila barua kupimwa kabla ya kutiwa bahasha. Ndipo likaja suala la kifusi. Matofali ya nyumba zilizobomolewa yalikuwa bado yamelala kando ya barabara, na kwa mujibu wa kanuni kifusi ni mali ya aliyekuwa mwenye nyumba, naye ndiye mwenye wajibu wa kukiondoa. Ilani mpya zikaandaliwa. Mkurugenzi alimletea Katibu ya kwanza kwa mkono wake mwenyewe, akaiweka mezani taratibu.

"Huyu ni wako," alisema. "Malizia wewe."

Katibu alisoma ilani, ambayo ilimtaka Mama Mdogo aondoe kuta zake ndani ya wiki mbili. Alirekebisha alama moja ya mkato. Chini akaandika "Mwanao", akatia saini, akaenda masjala, akailaza karatasi juu ya mizani. Akashika ukingo wa meza na kuutazama mshale. Angeshukuru ungeshuka hata kidogo tu, hata kwa uzito wa mkasi. Alisubiri. Karani wa masjala akamwuliza kama kuna tatizo.

Mshale haukusogea. Katibu akasema hakuna tatizo, akaikunja barua, akalamba gundi ya bahasha, akaandika juu yake anwani mpya.